Mchongaji wa Mtwara akitaka kujua bei ya kazi yake, amuulize nani?

Mpwa wa Chikongola #1
Wadau, salaam.

Mjomba wangu ni mchongaji, yuko hapa Mtwara mjini. Mwaka jana alichonga ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, mpingo mtupu, urefu unanifika kifuani. Kazi ya wiki nyingi. Akaja mnunuzi, wakapatana, mzigo ukapakiwa kwenye basi la Dar. Juzi binamu yangu aliye Ujerumani ananitumia picha kutoka duka la mtandaoni: ule ule mnara, na mtoto yule wa chini aliyeshika kata ya kuchotea maji, nimemtambua mara moja. Bei yake ni mara kumi na zaidi ya aliyopewa mjomba. Maelezo yake: "sanamu ya Kiafrika, Tanzania". Jina la mtu hakuna.

Hoja yangu ni hii. Watu husema wachongaji wetu wanakosa wateja au mitaji. Mimi naona wanachokosa ni taarifa. Mkulima wa korosho Tandahimba, mnada ukifungwa asubuhi, mchana ameshajua kilo imekwenda shilingi ngapi. Mwalimu ana chama, dereva wa bodaboda ana kijiwe na kiongozi wa kijiwe. Mchongaji anaamka peke yake, anachonga peke yake, bei anaisikia kwa yule yule anayetaka kumlipa kidogo. Hajui mwenzake wa Newala ameuza ngapi, hajui mti halali unapatikana wapi, hajui mzigo unavukaje mpaka.

Je, wachongaji, wafinyanzi, wasuka mikeka wa Mtwara na Lindi, mna mahali popote mnapopeana habari hizi? Kama mpo, tuelekezeni. Kama hakuna, ni kwa nini?

Ndoro Mjini #2
Nakaa hapa. Uzi mzuri.

Kibanda cha Nyuma #3
Mkuu #1, pole kwa mjomba. Lakini mimi niko Mwenge, soko la vinyago la Dar, ni mzaliwa wa Kitangari, na nitasema upande wa pili maana sisi ndio mnaotuita madalali.

Kinyago kikitoka Mtwara kinalipiwa usafiri. Kikifika nakikuta kimekatika kidole. Nakilaza kibandani, kodi inakwenda. Mvua za masika watalii hakuna. Kuna kazi nimenunua kwa fedha taslimu, zimekaa mpaka zikapasuka. Hiyo mara kumi uliyoiona Ujerumani siipati mimi. Mimi napata kidogo, anayesafirisha anapata, mwenye duka kule ana kodi yake, kodi ya serikali yake na wafanyakazi wake. Mjomba alilipwa siku ile ile, mkononi. Hilo nalo lina thamani yake.

Mzee wa Mahuta #4
Wanangu, habari za jioni.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko simu zenu. Wachongaji wengi waliojenga jina la Kimakonde katika nchi hii walivuka Ruvuma kutoka ng'ambo, uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kuchonga kwa ajili ya kuuza kulishika kasi huko huko ugenini. Miaka ya 1950 pale Dar es Salaam alikuwepo mfanyabiashara Mohamed Peera, akinunua na kuwaagiza wachongaji. Samaki Likankoa, anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani, wa viumbe vya ajabu vya kimizimu, kazi zake zilipitia mikononi mwake. Kwa hiyo mtu wa katikati amekuwepo tangu mwanzo. Hakuja na mtandao.

Kilichobadilika ni kukaa. Zamani wachongaji walikaa kikundi kimoja kivulini, mkubwa akiwa na tezo, vijana wakipiga msasa. Mnunuzi akija anamkuta kila mtu anasikia. Huwezi kumnong'oneza mmoja bei ya kijinga mbele ya wazee. Sasa kila mmoja ana ua wake.

KoroshoGhafi #5
Nimemwelewa mzee #4. Dawa ni moja: stakabadhi ghalani. Mfumo ulianza kwenye korosho Mtwara msimu wa 2007/08, ukapigiwa kelele, leo nani anataka kurudi kwa kangomba, wale wanunuzi wa vichochoroni kwa bei ya kutupa? Vinyago vikusanywe ghala moja, vipangwe madaraja, mnada utangazwe, wanunuzi walete barua za bei. Basi.

Tezo na Patasi #6
@KoroshoGhafi ndugu yangu, korosho ni korosho. Unaipima unyevu, unaikata uone punje, daraja la kwanza, la pili. Kinyago changu cha shetani mwenye jicho moja utakipa daraja gani, na nani atakipa? Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima?

Mimi ni mchongaji, Likombe. Nimesoma hoja ya #1, nimeipenda, ila nakwambia sababu halisi hatupeani habari. Ni kuigana. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, wachongaji wa Mtwara na wa Masasi. Mwenzetu mmoja aliweka picha ya kazi mpya: mama anasuka nywele, na zile nywele zinageuka kuwa watoto. Haijawahi kuonekana. Kabla ya mwezi kwisha zikatokea nakala mbovu mbovu barabarani, mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, bei ya kutupa. Mteja wake aliyeagiza akaziona, akavunja oda. Tangu siku hiyo kundi limebaki la kutangaziana misiba na kutakiana Ijumaa njema.

Mchongaji anaficha kazi yake kama mvuvi anavyoficha mwamba wenye samaki. Ukitaka tuzungumze bei, kwanza tuambie nani atatulinda tukionyesha.

Ndoro Mjini #7
"Misiba na Ijumaa njema" 😂 umeyaeleza makundi yote ya nchi hii.

Wakili Kijana #8
@Tezo na Patasi ulinzi upo, haujatumika tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda sanamu na michongo kama inavyolinda muziki na vitabu. Haki inazaliwa pale kazi inapokamilika, na inadumu uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi. Usajili unakusaidia kuthibitisha kwamba ni yako.

Mipaka yake mjue pia. Mtindo haulindwi. Hakuna anayeweza kumiliki "ujamaa" wala "shetani" wala "mawingu". Kinacholindwa ni kazi yako ile: yule mama, zile nywele, wale watoto. Kwa hiyo kabla ya kuituma picha kokote, piga picha pande zote, andika tarehe, vipimo na uzito, chonga jina lako chini ya kitako cha kinyago. Herufi zichongwe, kalamu inafutika.

Mfano wa faida ya kumbukumbu: barakoa ya lipiko iliyoibwa Makumbusho ya Taifa Dar mwaka 1984 ilikuja kuonekana Geneva, makumbusho ya Barbier-Mueller. Mtafiti aliitambua mwaka 1990. Ilirudi nyumbani 2010.

Kibanda cha Nyuma #9
@Wakili Kijana miaka 20 kutoka kutambuliwa mpaka kurudi, na hapo mdai ni serikali. Mchongaji wa Likombe atadai mpaka lini?

Wakili Kijana #10
Swali zuri mkuu. Lakini bila kumbukumbu isingedaiwa kabisa. Na kwa nakala za barabarani hapo Mtwara huhitaji Geneva, mwigaji ni jirani yako. Barua moja na kikao cha mtaa vinaweza kutosha.

Bi Ukili #11
Hamjambo wanangu. Niko Kilwa, sisi ni wanawake wa mikeka na vikapu. Naona mnazungumza mpingo tu kama kwamba sanaa ya Kusini ni ya wanaume peke yao. Wafinyanzi wa vyungu kule uwandani ni akina mama, na ukili wa pwani ni wetu.

Sisi tulikubaliana bei. Hatukuanza na mkeka mzima, tulianza na ukili. Pima moja ya ukili wa kawaida bei hii, wa rangi bei hii, wa kazi ya nakshi bei hii. Kisha kushona, kisha ukindu wenyewe na rangi. Ukijumlisha unapata mkeka. Mteja akilia tunamhesabia mbele yake, na wengi wananyamaza. Tuliwaandikia wenzetu wa Lindi mjini wakachukua hesabu ile ile.

Kilichotuvunja ni shida. Shule zikifungua, mama mmoja hana ada wala sare, mnunuzi anajua mwezi huo vizuri kabisa, anakuja. Mama yule anauza kwa nusu. Wa pili naye anauza. Bei ya kikundi imekufa. Tukaweka mfuko wa kukopeshana kina mama, ili mwenye shida akope asiuze mkeka kwa hasara. Hapo ndipo bei ikarudi kusimama, ingawa bado kuna wanaochomoka.

Kwa hiyo mwanangu #1, taarifa peke yake haitoshi. Mjomba wako angejua bei ya Ujerumani na bado angeuza, kama siku ile alikuwa na mgonjwa.

Mpwa wa Chikongola #12
Bi Ukili shikamoo. Hili la kuhesabu kwa pima ya ukili sijawahi kulisikia na limenigusa. Mchongaji naye anaweza kuhesabu: mti, siku za tezo, siku za patasi, siku za msasa?

Tezo na Patasi #13
Anaweza mpaka hapo, kisha linabaki jambo moja halihesabiki. Nywele zinazogeuka watoto zilikuja kwa dakika moja. Utaandika siku ngapi?

Mpiga Picha Shangani #14
Mimi naona mnazunguka. Tatizo ni picha. Ninyi wachongaji mnapiga kinyago cheusi, juu ya busati jeusi, jioni, simu imejaa vumbi la msasa. Mteja wa mbali ataona nini? Doa.

Mpingo uliong'arishwa unarudisha mwanga kama kioo. Usitumie flashi ya simu. Toka nje asubuhi, kaa kivulini penye mwanga mweupe, weka nyuma shuka jeupe au ukuta wa chokaa, kinyago kiwe mbali kidogo na ukuta. Piga mbele, nyuma, ubavu, na kitako ambapo mti haujapakwa kitu, ili mteja aone kiini cheusi na ile sehemu ya nje ya rangi ya maziwa. Hapo nakala ya rangi ya viatu inaumbuka yenyewe. Weka na mkono wa mtu kwenye picha moja, ajue ukubwa.

Wenye mafanikio mtandaoni niliowapigia picha hawana kazi bora kuliko wengine. Wana picha bora na wanajibu ujumbe siku ile ile.

Mama Korosho Bichi #15
Kwa anayenunua: mpingo wa kweli ni mzito mpaka unazama majini. Kipande kikielea, ujue umeuziwa kingine.

Mwanachangamwe #16
Habari zenu majirani. Niko Mombasa. Sisi Akamba tuko na ushirika wa wachongaji pale Changamwe tangu 1963. Kila mwanachama yuko na nambari yake, kazi inawekwa dukani na nambari na bei, ikiuzwa pesa inahesabiwa kwa nambari hiyo, ushirika unakata sehemu yake. Mteja anakuta maelfu ya vitu mahali pamoja. Nashangaa nyinyi wenye jina kubwa zaidi duniani hamna kitu kama hicho huko Mtwara.

Ntani wa Nanyumbu #17
@Mwanachangamwe mkumbuke shukrani. Uchongaji wenu wa biashara mliutoa kwetu. Mkamba wenu Mutisya Munge alikuja Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, akafundishwa na Wamakonde, akarudi Wamunyu kuwafundisha ninyi.

Mzee wa Mahuta #18
Taratibu Ntani. Simulizi inayosikika zaidi ni kwamba Munge aliuona uchongaji kwa Wazaramo, huku pwani ya Dar. Wamakonde tuna vya kutosha kujivunia, tusichukue vya Wazaramo.

Ntani wa Nanyumbu #19
Mzee, Wazaramo nao waje huku wajitetee 😄

Mwanachangamwe #20
Tumeshukuru wote! Ila niwaambie na shida yetu. Nambari inaleta usawa lakini inaua jina. Mteja anajua "Changamwe", hajui ni nani alichonga twiga wake. Mkitengeneza yenu, wekeni nambari na jina.

Na mpingo ulipokuwa adimu kwetu tulihamia mwarobaini na mwembe. Mti unakua haraka, hauna kesi.

Tezo na Patasi #21
Mwarobaini kwa twiga ni sawa. Kwa shetani hapana. Ule wembamba, zile tundu, mkono unaopita nyuma ya kichwa na kurudi tumboni, unahitaji mti usiokatika ukibaki mwembamba kama kidole. Mpingo ndio unaokuruhusu. Mtindo wenyewe umezaliwa kutokana na mti.

Ruvuma Ng'ambo #22
Lakini si mpingo umepigwa marufuku kutoka nje ya nchi? Nilisikia tangu 2017.

Msitu wa Kijiji #23
@Ruvuma Ng'ambo haujapigwa marufuku. Januari 2017 jamii yote ya *Dalbergia*, mpingo ukiwemo, iliingizwa Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Maana yake biashara ya kimataifa inakwenda kwa kibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa iliyokamilika, uzito wa mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, inatoka bila kibali cha CITES. Vinyago vingi vya kubebeka mkononi vinaingia humo. Mnara wa mjomba wa #1 hauingii.

Ila hiyo ni CITES. Sheria za misitu za ndani ziko pale pale: mti uwe na uhalali tangu ulipokatwa, na kusafirisha kuna hati yake. Mchongaji anayenunua gogo usiku kwa mtu asiye na karatasi anajifunga mwenyewe, maana kazi yake haiwezi kuuzwa kwa mteja makini anayeuliza mti umetoka wapi.

Mti halali upo, na upo huku huku. Vijiji vya Kikole na Kisangi, Kilwa, vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kupitia shirika la MCDI, kwa misitu inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo ule unakwenda kutengeneza zumari za Ulaya, klarineti na obo. Wanataka kipande kilichonyooka kisicho na ufa. Mapande yaliyopinda, yenye vifundo, kwao ni taka. Kwa mchongaji wa shetani hayo ndiyo dhahabu. Sijaona kikundi cha wachongaji wa Mtwara kilichokwenda kuzungumza na kijiji kuhusu masalia hayo. Huo ndio ukosefu wa taarifa ninaoukubali mimi.

Tezo na Patasi #24
@Msitu wa Kijiji hapa umenisimamisha. Pande lililopinda ndilo ninalotafuta kila siku. Nitakutafuta.

Kibanda cha Nyuma #25
Na mkipata hayo mapande, yakausheni. Narudia, yakausheni! Mpingo unakauka polepole sana. Mnachonga mti mbichi kwa sababu ni laini kwa patasi, mnaupaka nta, mnaniletea. Unafika kwenye nyumba ya mzungu yenye hita, kipindi kimoja cha baridi, ufa kutoka kichwa mpaka kitako. Analalamika mtandaoni, na hakuna kinachoshusha bei ya Wamakonde wote kama malalamiko ya namna hiyo. Pakeni nta vichwa vya gogo, liacheni kivulini. Mwenye haraka achonge kidogo kidogo, akifunika kwa gunia.

Mama Korosho Bichi #26
Atalilaza gogo atakula nini wakati analisubiri?

Bi Ukili #27
Ndiyo nilichosema #11.

Likizo Lindi #28
Nyote mmesahau kitu kimoja, wateja hawapo huku. Mtalii anashuka Arusha au Zanzibar. Mikindani ina historia yote ile na unaweza kumaliza wiki usimwone mgeni wa kununua hata kijiko cha mpingo. Bila wateja, chama cha nini?

Mpwa wa Chikongola #29
@Likizo Lindi Wajapani walifungua makumbusho ya sanaa ya Kimakonde kwao, pale Ise. Makumbusho nzima! Hawakungoja Mikindani ijae watalii. Mteja wa kazi kubwa hatembei na begi mgongoni, anatafuta jina. Ndiyo maana nasema jina kwanza.

Mzee wa Mahuta #30
Na jina halijengwi na mtu peke yake. George Lilanga, mtu wa Kusini, mpwa wa mchongaji Augustino Malaba. Pale Nyumba ya Sanaa, Dar, alianza kama mlinzi. Wakaona anachokifanya, wakampa nafasi na vifaa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Mjomba alimfungulia mlango, nyumba ikampa ukuta wa kutundika. Alifariki 2005, na wale mashetani wake wenye masikio makubwa wanajulikana kote.

Mpiga Picha Shangani #31
Mzee, Lilanga alijulikana zaidi kwa michoro ya rangi kuliko kuchonga. Mchoro unakunjwa, unapanda ndege. Labda hilo nalo ni sababu.

Mzee wa Mahuta #32
Ni kweli, lakini alianzia kwenye mti, na mashetani ni wale wale.

Ntani wa Nanyumbu #33
Kwani tamasha la MaKuYa halitoshi? Wamakonde, Wamakua, Wayao wote wanakutana Mtwara. Pale wachongaji wangepeana kila kitu, na ming'oko, vile viazi vya porini, juu.

Ndoro Mjini #34
Ming'oko ya Lindi ni mitamu kuliko ya Mtwara. Nimemaliza.

Mama Korosho Bichi #35
@Ndoro Mjini usituchafulie uzi. Ming'oko inachemshwa vizuri Newala, wengine mnaiunguza.

Tezo na Patasi #36
MaKuYa ni ngoma kwanza, na ni vizuri iwe hivyo. Mtu aliyekesha na sindimba hana nguvu ya kujadili bei ya mti.

Mpwa wa Chikongola #37
Nashukuru wote. Nimemsomea mjomba uzi huu wote jana usiku. Kwa Bi Ukili alitikisa kichwa kukubali. Kwa kaka wa Mwenge alikasirika, kisha akasema habari ya mti mbichi ni kweli. Kuhusu jina la kwenye kitako anasema wanunuzi wawili walishamwambia asiandike, kwa kuwa "dukani hawapendi". Hilo sikulijua.

Napendekeza tuanze na dogo. Kila mchongaji anayetaka aniandikie ujumbe wa faragha: aina ya kazi, urefu, siku alizochonga, mti aliupata kwa bei gani, aliuza bei gani. Bila picha, bila majina. Nitapanga, nitaweka hapa.

Tezo na Patasi #38
Bila picha, mimi nipo. Natuma zangu za tangu msimu wa korosho.

Kibanda cha Nyuma #39
@Mpwa wa Chikongola ukipanga, weka na bei tunazouzia sisi Mwenge, pamoja na kodi na usafiri, nitakupa zangu. Na hao wanaokataza jina si sisi sote. Mimi mteja akiuliza kazi ya nani, bila jina nakosa la kumjibu na nakosa mauzo.

Wakili Kijana #40
Anayekwambia usiandike jina unaweza kumkatalia. Kutajwa kama mwenye kazi ni haki yako kisheria, hata baada ya kuiuza.

Mama Korosho Bichi #41
Akimkatalia, huyo mnunuzi anavuka barabara kwa jirani yake. Tunarudi kwenye mfuko wa kukopeshana. Bi Ukili, mlianza na shilingi ngapi kila mtu, na nani anashika daftari?